Kipimo Kisichotoa Damu

Muuguzi wa zahanati anakubana kidoleni kidude kama kibanio cha nguo. Taa nyekundu inawaka, mara nambari mbili zinajitokeza: mapigo ya moyo, na asilimia ya oksijeni katika damu yako. Hujachomwa sindano, hujatolewa hata tone. Tumekizoea kidude hiki upesi mno, hata hatuulizi kinajuaje.

Hamu ya kumpima mtu bila kumtoa damu ilipata umbo maarufu kwenye televisheni. Septemba 1966 tamthilia ya Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani. Daktari wa chombo cha angani, McCoy, alitembea na kijisanduku chenye mkanda wa begani kiitwacho trikoda. Alipitisha juu ya mgonjwa kipimo kidogo cha kiganjani, akatazama, akajua ugonjwa. Kijisanduku chenyewe hakikuweza kupima chochote. Kilitengenezwa na Wah Chang, fundi wa vifaa vya maigizo, na baadhi ya vyombo vya daktari huyo vilikuwa vichupa vya kunyunyizia chumvi. Vilinunuliwa viwekwe mezani katika onyesho moja, lakini umbo lao lilikuwa geni mno. Ikahofiwa mtazamaji asingetambua kuwa ni vya chumvi. Ndipo vikahamishiwa kwa daktari.

Nakipenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha nguvu ya kifaa cha kubuni ilipo. Mwandishi wa bunilizi halazimiki kueleza kinavyofanya kazi. Yeye hukuonyesha maisha yalivyo pale kinapokuwapo: mgonjwa hachanjwi, hangoji majibu kwa siku kadhaa huku roho iko juu. Ukishayaona maisha hayo, sindano inaanza kukukera. Mwaka 2012 hamu hiyo ilizaa mashindano yaliyobeba jina la trikoda, zawadi zikiwa dola milioni 10, kwa atakayeunda kifaa chepesi cha kutambua magonjwa nyumbani. Mwaka 2017 timu ya Basil Harris, daktari wa wagonjwa wa dharura huko Pennsylvania, iliongoza na kupewa dola milioni 2.6. Zawadi yote haikutolewa, kwani hakuna timu iliyotimiza masharti yote.

Lakini kipande kimoja cha trikoda kilikuwa kimeshapatikana miongo minne nyuma, tena na mtu aliyekuwa akihangaikia jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden ya Japani, alitaka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani. Rangi iliingizwa mshipani, kisha sikio likamulikwa ili kufuatilia rangi hiyo inavyopita. Tatizo lilikuwa mapigo: kila moyo ulipopiga, damu ilijaa sikioni na mchoro wake ukatikisika. Akahangaika kuufuta mtikisiko ule, na katika kuhangaika huko akang'amua kuwa ndio wenye habari. Mwanga unaobadilika kwa kila pigo ni ule uliopita kwenye damu ya ateri, damu itokayo moyoni. Ngozi, nyama na mfupa havipigi. Ondoa kisichobadilika, utabaki na damu hiyo peke yake.

Kilichosalia ni rangi ya damu yenyewe. Hemoglobini iliyobeba oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite, isiyobeba huumeza. Kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, mambo hugeuka. Kidude huwasha taa hizo mbili kwa kupokezana, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuatilia, kikalinganisha kilichopita upande wa pili. Aoyagi aliitangaza kazi yake mwaka 1974. Alifariki Aprili 2020, wakati korona ilikuwa imewafanya watu duniani kote wakitafute kifaa hicho kwa udi na uvumba.

Hesabu ile hutegemea kwamba rangi ya ngozi itajiondoa yenyewe. Haijiondoi kabisa. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yanayotuhusu sana: kwa wagonjwa Weusi, kifaa kilishindwa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa wagonjwa Weupe. Mtu anaonekana yuko salama kwenye kioo huku mwili unakosa hewa. Kwa hiyo mama, ukiona mwanao anahema kwa shida, mwambie muuguzi waziwazi, hata kama nambari ni nzuri. Kidude kinasaidia mno, nami sitaki mtu akikatae. Nataka kitengenezwe na kujaribiwa kwenye vidole vyetu pia.

Wapo walioanzia kwenye vidole hivyo. Juni 2018, jijini Nairobi, kijana wa Uganda Brian Gitta alishinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa kifaa kinachobana kidole na kukimulika kwa mwanga mwekundu ili kutafuta dalili za malaria katika damu. Wakati huo kilikuwa bado kwenye majaribio. Yeye na wenzake walikipa jina la Kiswahili, Matibabu. Wazo lilimjia baada ya kuugua mwenyewe, akapimwa damu mara nne ndipo malaria yake ikaonekana.