Kutu Yenye Sababu: Kujenga Reli Ndogo Inayoonekana Imefanya Kazi

Nenda stesheni yoyote ya zamani ya reli ya kati ya Tanzania, sogea pembeni yanakoegeshwa mabehewa ya mizigo, chagua moja ulitazame kwa dakika kumi. Utagundua kwamba uchafu wake una mpangilio. Kule chini, kwenye magurudumu, kuna kahawia iliyokolea inayoelekea wekundu: ni unga wa chuma unaosagika kila breki inapobana, ukaruka na kushika kutu. Juu kidogo kuna vumbi la udongo wa kule behewa lilikopita, likarushwa na mvua hadi likaganda ubavuni. Katikati, rangi ya kiwandani bado ipo ila imepauka kwa jua. Kwenye ukingo wa paa, kutu imeanzia penye ribiti moja moja na kutiririka kwenda chini. Na kando ya mlango, usawa wa kifua, chuma kimesuguliwa hadi kinang'aa, maana hapo ndipo wapakuzi wameshika miaka nenda miaka rudi.

Mimi hujenga reli za modeli, na somo hilo la dakika kumi limenifaa kuliko chupa zote za rangi nilizowahi kununua. Anayeanza huwa na haraka ya kuchafua. Anachukua kopo la rangi ya kutu, anapulizia behewa zima, kisha anashangaa kwa nini linaonekana kama kitu kilichochomwa moto. Kabla hujaligusa behewa, jiulize linabeba nini, linapita wapi, linapakiwa na nani na kwa mlango upi. Uchakavu ni alama za kazi. Usipoijua kazi, hujui pa kuweka kutu.

Aliyelionyesha jambo hili kwa vitendo kuliko wengi ni John Allen, mpiga picha wa Kimarekani aliyezaliwa 1913. Baada ya Vita Kuu ya Pili alihamia Monterey, California, akaanza kujenga reli aliyoiita Gorre & Daphetid, jina ambalo likitamkwa kwa Kiingereza husikika kama "yenye damu na iliyoshindwa". Siku hizo wenye reli za modeli wengi walitaka vichwa vyao vya treni ving'ae kama vyombo vya kabatini. Allen alivipaka masizi. Majengo yake yalikuwa na mbao zilizopinda na bati lenye kutu. Milima yake ilianzia sakafuni ikapanda hadi juu ya kichwa cha mtu, vioo vilivyofichwa vilirefusha mandhari, na vitu vya nyuma vilijengwa kwa kipimo kidogo zaidi ili jicho lidhani viko mbali sana. Ile reli yake ya kwanza, ndogo ya kutosha mezani, hakuitupa. Aliiingiza ndani ya ile kubwa, ikawa kipande cha nchi yake.

Kwa nini kung'aa kunaisaliti modeli? Hapa kuna hesabu ninayompa kila mwanafunzi wangu. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni 1:87. Ukilitazama behewa la modeli kwa umbali wa sentimita 60, ni sawa na kusimama mita 52 kutoka behewa la kweli. Kwa mita 52, katikati yenu kuna hewa, vumbi na mwanga uliotawanyika. Nyeusi huonekana kijivu, nyekundu hupoa, mng'ao hufifia. Kwa hiyo hata behewa jipya kabisa, lililotoka kiwandani jana, kwenye modeli linahitaji rangi iliyochanganywa na tone la nyeupe na kumaliziwa kwa vanishi isiyong'aa.

Hesabu hiyohiyo inakuonya usizidishe. Mtu mzima katika kipimo hicho ana urefu wa sentimita 2 tu. Mchirizi wa kutu wenye upana wa milimita 1, ambao kwa brashi yako unauona mwembamba kama uzi, kwa uhalisia una upana wa karibu sentimita 9. Ni mchirizi mnene kuliko mkono wa mtu! Brashi yenye nywele chache ndiyo rafiki yako, na miwani ya kukuza si anasa.

Kazi yenyewe ina hatua, nami hufuata mpangilio ambao jua na mvua hufuata. Kwanza napausha: tabaka jembamba sana la kijivu cheupe, zito zaidi kwenye paa kwa sababu jua hupiga huko. Halafu naosha kwa rangi nyepesi, sehemu moja ya kahawia nyeusi kwa sehemu tisa za maji, na tone la sabuni ya maji ya vyombo ili maji yasijikusanye kama shanga bali yatambae ndani ya mifereji na kuzunguka ribiti. Ikikauka, nachana kipande kidogo cha sponji ya godoro, nachovya kwenye kahawia iliyokolea, nakigusisha kwanza kwenye karatasi hadi kibaki karibu kikavu, ndipo naligusa behewa penye kingo na pembe. Sponji haina utaratibu, na michubuko ya kweli haina utaratibu. Brashi huchora nukta zinazofanana, na jicho hulitambua hilo mara moja. Kutoka kwenye baadhi ya michubuko, si yote, navuta rangi kwenda chini kwa brashi yenye unyevu. Chini daima. Maji ya mvua hayapandi.

Mwisho ni unga. Chaki za kawaida zilizosagwa, mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa, hata udongo wenyewe wa mahali unapopaiga kwenye modeli, ukikaushwa vizuri. Unaupaka kwa brashi laini kwenye fremu ya chini na ngazi. Kisha unapulizia vanishi, na hapa wengi huvunjika moyo, kwa sababu vanishi humeza sehemu kubwa ya unga. Weka zaidi ya unavyodhani unahitaji.

Mbao ndizo zinazonipa furaha kubwa kuliko chochote. Chukua stilwaya ya kusugulia masufuria, ile ya bei nafuu inayoshika kutu, isiwe ile isiyoshika. Itumbukize kwenye kikombe cha siki, uache siku moja au mbili kifuniko kikiwa wazi. Siki hula chuma na kutoa maji yasiyo na sura yoyote ya kuvutia. Yapake kwenye kijiti cha mbao mpya, za njano, kisha kaa utazame. Chuma kilichoyeyuka hukutana na tanini iliyomo ndani ya mti, na ndani ya dakika chache ubao ule unageuka kijivu mbele ya macho yako, kijivu kilekile cha mlango wa ghala ulionyeshewa miaka ishirini. Mti usio na tanini haubadiliki sana. Huo upake chai ya rangi nzito kwanza, maana chai ina tanini yake.

Sasa rudi kwenye kazi ya kila behewa. La saruji lina michirizi myeupe chini ya vifuniko vya juu. Tanki la mafuta lina mchirizi mmoja mweusi, unaong'aa kidogo, unaoanzia kwenye mdomo wa kujazia; hapo ndipo pekee ninaporuhusu mng'ao. Kichwa cha mvuke kina masizi mgongoni na chokaa nyeupe ubavuni, pale maji ya bwela yalipovuja na kukauka kwenye chuma cha moto. Njia nayo ina habari zake: mataruma mapya ya mbao ni meusi kwa dawa, ya zamani ni ya kijivu, kokoto za njia kuu ni safi, za njia ya pembeni zimemezwa na udongo na majani, na pale vichwa vya treni vinaposimama kila siku, katikati ya reli kuna doa refu jeusi la mafuta.

Lakini kuna jambo moja ambalo modeli na reli ya kweli hupingana, na ukilipuuza kazi yako yote itabaki pambo. Umeme wa modeli hupita juu ya reli, ukaingia kwenye magurudumu hadi kwenye mota. Siku hizi wengi hutumia mfumo wa kidijitali, ambao viwango vyake viliwekwa miaka ya 1990 na chama cha Marekani kiitwacho NMRA, kilichoanzishwa 1935; katika mfumo huo hata amri za kwenda, kusimama na kuwasha taa husafiri kwenye reli zilezile pamoja na umeme. Chembe moja ya vumbi la chaki kwenye gurudumu, na treni inasita katikati ya daraja. Kwa hiyo reli yangu inayoonekana chafu kuliko zote ndiyo ninayoisafisha mara nyingi kuliko zote. Ubavu wa reli naupaka kahawia ya kutu. Uso wake wa juu naufuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa spiriti. Gurudumu nalipaka usoni, kamwe si mahali linapokanyaga. Na unga wa chaki haukaribii gia.

Naisisitiza sana habari hii kwa sababu reli isiyotembea haijakamilika hata ikiwa nzuri namna gani. Frank Ellison, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi za jukwaani, alieleza miaka ya 1940 kwamba reli ya modeli ni tamthilia: njia na stesheni ni jukwaa, treni ni waigizaji, ratiba ndiyo hadithi. Treni inayozunguka duara bila kituo haina hadithi. Njia inayotumiwa na wengi kuipa hadithi ni kadi. Kila behewa lina kadi yake yenye namba, na ndani ya kadi mnachomekwa karatasi ya mzigo yenye safari nne, kwa mfano leo ghala la nafaka, kesho bandari, keshokutwa karakana. Behewa likifika, karatasi inageuzwa, nalo linasubiri treni ya kulichukua. Hakuna anayeamua kwa matakwa yake. Unasoma kadi, unapanga mabehewa, unampisha mwenzako aliye na treni ya abiria.

Muda nao hukunjwa. Safari ya kilomita 100 kwa kipimo cha 1:87 ingehitaji zaidi ya kilomita moja ya reli, na nyumba hiyo hakuna. Basi saa huharakishwa: ikienda mara nne, siku nzima ya reli huisha kwa saa sita za kweli, na dereva anahisi ameenda mbali. Allen na marafiki zake waliendesha reli yake hivyo, kila mtu na wadhifa wake, mmoja akiongoza safari zote. Alibuni pia fumbo la kupanga mabehewa kwenye kipande kidogo cha njia chenye migawanyiko mitano tu, akalichapisha 1972 kwa jina la Timesaver. Mtu mwenye ubao mwembamba juu ya kabati anaweza kulijenga, na litamtoa jasho.

Kwa msomaji wa huku kwetu kuna mahali ambapo natamani kuona pamejengwa: Kidatu. Hapo TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, yenye upana wa milimita 1,067, inakutana na tawi la reli ya kati lenye upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, na kwa sababu hiyo behewa la huku haliwezi kuingia kule. Mzigo lazima uhamishwe. Katika 1:87 tofauti hiyo haifiki hata milimita 1. Reli ya modeli ya milimita 12, inayouzwa kwa wanaojenga treni za njia nyembamba, inafaa pande zote mbili. Kwa hiyo mjenzi wa Kidatu itambidi aulinde mpaka kwa sheria: treni hii inaishia hapa, ile inaanzia pale, na katikati kuna jukwaa la kuhamishia. Hebu fikiria uchafu wa jukwaa hilo. Saruji na nafaka vimemwagika sakafuni, kamba zimekatika, michubuko imo kwenye milango ya mabehewa ya pande zote mbili, usawa uleule, kwa sababu mikono ileile ndiyo iliyoyafungua.

John Allen alifariki tarehe 6 Januari 1973, akiwa na miaka 59. Siku kama kumi baadaye moto uliwaka ndani ya nyumba yake na kuteketeza sehemu kubwa ya reli. Zilibaki picha, makala zake, na baadaye kitabu ambacho Linn Westcott aliandika juu yake, kilichotoka 1981. Ninapozitazama picha hizo, huwa siitazami milima. Natazama mabehewa ya pembeni, yaliyosimama nyuma ya treni inayopigwa picha, nione kama nayo yamechakazwa kwa uangalifu uleule.

Behewa langu la kwanza bado linatembea. Nililichafua vizuri, lakini vanishi niliyoipaka ilikuwa nyembamba, na kwa miaka ya kulitoa na kulirudisha kwenye boksi, unga umeondoka sehemu mbili, moja kila upande, pale kidole gumba na cha shahada vinapolishika. Mengine yote nimeyapaka upya. Hilo sijaligusa.