Mfupa wa Pua Usipoonekana Kwenye Ultrasaundi

Mimba ikifika wiki 12, mtoto ana urefu wa sentimita tano na kidogo, utosini hadi matakoni. Hata hivyo, akilala chali na kifaa kikampata kwa upande, mpimaji anaweza kumwona pua. Picha nzuri huonyesha vimstari vitatu vyeupe: ngozi, ncha ya pua na, chini ya ngozi, mfupa wenyewe unaong'aa kuliko ngozi. Mkono wa mpimaji ukiinama vibaya kidogo, mfupa hupotea ingawa upo.

Mwaka 2001, Kypros Nicolaides na wenzake wa London waliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya watoto 59 wenye kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, yaani hali ya Down, 43 hawakuonekana mfupa huo. Kati ya 603 wenye kromosomu za kawaida, waliokosa ni watatu tu. Watoto wenye hali ya Down mara nyingi huchelewa kuota mfupa wa pua.

Tofauti ilikuwa kubwa, na kipimo kikaenea. Lakini walipopimwa wajawazito wengi zaidi wenye asili ya Afrika, ilibainika kuwa takriban mmoja kati ya watoto wao 10 wenye kromosomu za kawaida naye haonekani mfupa katika wiki hizo. Kwa Wazungu ni kama wawili au watatu kati ya 100. Kwa hiyo dalili ileile ina uzito mdogo zaidi kwa mama wa Mombasa au Mwanza, na majibu yake hayafai kusomwa kwa jedwali la Ulaya.

Chukua mama wa miaka 25. Katika wiki ya 12, uwezekano wa mtoto wake kuwa na hali ya Down ni kama mmoja kwa 1,000. Dalili hii ikiuzidisha mara saba, bado katika mimba 1,000 za namna hiyo zaidi ya 990 hazina tatizo hilo. Kumkabidhi mama karatasi iliyoandikwa "mfupa wa pua hauonekani" na kumwacha aende nayo nyumbani bila maelezo ni ukatili.

Anachostahili ni kupimwa tena baada ya wiki moja, kuangaliwa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, na pakiwezekana kupimwa damu ya mama mwenyewe, ambamo huelea vipande vya DNA kutoka kwenye kondo. Jibu la uhakika hutoka kwenye sampuli ya kondo au, kuanzia wiki ya 15, ya maji ya chupa ya uzazi. Vipimo hivi ni ghali, na hospitali nyingi za wilaya hazina.

Moyo wa mtoto nao uangaliwe mimba ikikua, maana karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Ikijulikana mapema, mama hupangiwa kujifungulia palipo na daktari wa watoto.