Nafasi ya Povu la Viputo Vidogo katika Udhibiti wa Vumbi la Makaa ya Mawe: Kutoka Ngaka hadi Ndumbi

Makala haya yanaeleza namna povu lenye viputo vidogo linavyonasa vumbi, na mahali linapostahili kutumika katika safari ya makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, ambako uzalishaji ulianza mwaka 2011. Safari hiyo inahusisha pia bandari ya Ndumbi, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa.

Njia iliyozoeleka ya kutuliza vumbi ni kunyunyiza maji. Maji hunasa chembe kubwa, lakini huacha chembe laini, ambazo ndizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Chembe ya makaa yenye kipenyo cha mikromita 2.5 huhitaji zaidi ya saa moja kushuka kimo cha mtu katika hewa tulivu. Tone la kawaida likiikaribia, hewa hulizunguka tone hilo na kuipitisha chembe pembeni. Hata zikigusana, makaa kwa asili hayashiki maji kwa urahisi.

Sufaktanti, yaani kemikali za jamii ya sabuni, hupunguza mvutano wa uso wa maji kutoka takribani milinyutoni 72 kwa mita hadi karibu 30, hivyo maji hutandaa juu ya chembe. Hewa ikichanganywa humo, maji machache hugeuka povu linalofunika makaa yanapopondwa au yanapoanguka kutoka mkanda mmoja hadi mwingine. Vumbi hunaswa kabla halijapaa. Kadiri viputo vinavyokuwa vidogo, ndivyo maji yanavyochelewa kuchujika na povu kudumu.

Hata hivyo, povu lina mipaka. Halifai kwa vumbi lililokwisha kutawanywa na upepo. Aidha, sufaktanti zikisombwa na mvua hadi ziwani huweza kudhuru matamvua ya samaki, na Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi, nyingi zisizopatikana kwingineko.

Kwa mantiki hiyo, povu linafaa Ngaka, kwenye mitambo, kwa kutumia sufaktanti zinazooza haraka na mifereji inayozuia maji kutiririka. Ndumbi, hatua stahiki ni kufunika shehena na kufupisha kimo cha kumwagia makaa. Pumzi ya mfanyakazi mgodini isilindwe kwa gharama ya kitoweo cha mvuvi.