Mtoto anasoma biashara na anataka kwenda nje? Soma hii kabla hujagusa mtaji

Leo sisemi bei ya mzigo. Nasema pesa inayotoka dukani kimya kimya kwenda kwa wakala wa "skolashipu".

Duka langu hapa Mlandege napiga kopi na kuskani. Vijana wanaosoma biashara SUZA na Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu wananiletea fomu za nje, na mimi huzisoma. Siku moja kaja mama muuza vitambaa na barua ya chuo cha nje. Wakala kamwambia mtoto kapata skolashipu, alete milioni mbili za kushika nafasi. Barua tukaisoma pamoja. Imesema mtoto amekubaliwa kusoma, na ada ya kila mwaka atalipa mwenyewe. Udhamini haumo kabisa. Mama akarudi na pesa yake.

Kwa hiyo shika hili: kukubaliwa na chuo si kudhaminiwa. Ni kama mwenye duka Dubai kukwambia "njoo, mzigo upo". Upo kweli, lakini nani analipa?

Udhamini wa kweli utaujua hivi:

1. Kuomba ni bure. Udhamini wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, unaombwa kwenye tovuti yao wenyewe, kwa kawaida Januari hadi Februari. Unalipa ada, bweni, posho ya mwezi, bima, tiketi ya kwenda na kurudi, na mwaka 1 wa kujifunza Kituruki. Wakala anaweza kukusaidia kujaza fomu ukamlipa kazi yake, lakini udhamini hana uwezo wa kukupa.

2. Masharti yameandikwa wazi. Uturuki, shahada ya kwanza uwe chini ya miaka 21, uzamili chini ya 30. Udhamini wa serikali ya China, shahada ya kwanza chini ya 25, uzamili chini ya 35. Kule wengi wa shahada ya kwanza huanza na kusoma Kichina. Usione ni kupoteza muda. Anayejua Kichina akifika soko la Yiwu anapatana bei mwenyewe, hahitaji mkalimani.

3. Kinacholipwa kimetajwa kimoja kimoja. Wakisema nusu, basi nusu nyingine ni yako. Piga hesabu kama ya mzigo, bei ya kununulia peke yake haitoshi. Weka ada, chumba, chakula, bima, viza na tiketi, halafu zidisha kwa miaka yote. Mwaka wa kwanza ukilipwa na mtaji wa duka, wa pili utalipwa na nini?

Na hata kama unalipa mwenyewe, ulizia kwanza TCU kama chuo kinatambulika. Shahada ya nje inapelekwa kwao kutambuliwa mtoto akirudi. Ukiulizia baada ya miaka mitatu, pesa imeshakwenda.

Kama unayo barua mkononi na Kiingereza chake hukielewi, mtafute mtu ambaye hali chochote kwenye safari hiyo. Akusomee sehemu ya ada kabla ya kitu chengine chochote.