Wikendi ya mwandishi: Muthokoi jikoni, roketi kichwani

Mtu akisikia unaandika hadithi za kisayansi, sai-fai kwa lugha ya mtaa, anadhani unaishi peke yako kwa chumba kimya chenye kompyuta tatu. Sasa njoo Kayole. Kwetu ni vyumba viwili, watu sita na simu moja iliyopasuka kioo. Hiyo simu ndiyo ofisi yangu.

Katikati ya wiki nashinda kwa kibanda cha M-Pesa, kwa hivyo wikendi pekee ndiyo naweza kuandika. Shida ni kwamba wikendi ndiyo pia familia inakumbuka uko. Jumamosi hii iliyopita maji yalikuja saa kumi na moja alfajiri, na maji yakija hakuna msanii, kila mtu anabeba mtungi. Baada ya hapo nguo zikafuliwa, mpwa wangu akaleta kazi ya shule ya kuunda gari kwa maboksi, na susu, nyanya yetu, alikuwa amefika kutoka Makueni kuja kuonwa macho. Kufika saa tisa mchana nilikuwa nimeandika sentensi moja. Na haikuwa nzuri.

Usinionee huruma. Ray Bradbury, yule Mmarekani aliyeandika Fahrenheit 451, pia alikuwa na watoto nyumbani waliotaka kucheza badala ya kumwacha afanye kazi. Hakuwa na pesa za kukodi ofisi. Akaenda chini ya maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, kulikokuwa na taipureta za kulipia senti 10 kwa nusu saa. Rasimu ya kwanza ilimgharimu dola 9.80. Ni kama vile wewe na mimi tulivyokuwa tukienda saiba, unaandika huku jicho moja liko kwa saa.

Lakini mimi nina saa nyingine inayonihesabia. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokatika. Sasa mjomba amejitolea kunilipia nirudi, mradi nisomee uhasibu, na mathe anataka jibu kabla ya Januari. Hana ubaya na hadithi. Ni vile tu hajawahi kuona hadithi ikilipa kodi ya nyumba. "Na kwa nini uandike kwa Kiswahili?" huniuliza. "Nani anasoma mambo ya roketi kwa Kiswahili?"

Jibu ninalo. Mwaka 1995 Katama Mkangi alitoa Walenisi, riwaya ambayo mhusika wake, Dzombo, anarushwa angani akafie huko, kisha anatua kwenye sayari nyingine. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitupa Pumzi, filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki iliyoishiwa maji. Na kabla ya hao wote, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Kwa hivyo anga si ya wageni, sisi pia tumo.

Jumamosi usiku, wengine wakiwa wamelala, nikaingia chini ya blanketi na simu. Hadithi yangu inatokana na kile chuma kilichoanguka Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Unakikumbuka? Pete ya chuma ya karibu mita 2.5 kwa upana, kilo kama 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Mimi nilikuwa nimeanza na mwanasayansi mmoja mrembo, maabara, taa za buluu. Ilikuwa inakataa kusonga.

Susu hakuwa amelala. Akauliza nacheka na nani kwa simu. Nikamwambia naandika kuhusu kile chuma. Akaketi. Hatoki kijiji hicho, lakini habari ilifika kwao siku hiyohiyo, na aliniuliza swali moja tu: "Na mwenye shamba umemweka wapi?"

Sikuwa nimemweka popote. Filamu karibu zote nilizotazama zinamfuata anayerusha roketi. Susu alitaka kujua kuhusu anayeangukiwa: alikuwa amepanda nini, ng'ombe walikuwa wapi, ataongea na nani akitaka kulipwa, kwa lugha gani. Nikafuta maabara. Kufika saa nane usiku nilikuwa na maneno 1,100 na mama mmoja amesimama kwa shamba lake la mbaazi, chuma bado kina moto.

Jumapili baada ya kanisa, muthokoi ikiwa jikoni, susu akaomba nimsomee kwa sababu macho yake hayaoni maandishi tena. Nikasoma. Mpwa wangu akauliza kama chuma kinaweza kuanguka Kayole. Mathe aliendelea kukata sukuma, kisha kisu kikanyamaza. Nilipomaliza akasema, "Huyo mama asikubali kutia sahihi kitu hajasomewa." Hakusema ni nzuri. Lakini Jumatatu, akimsindikiza susu stejini, aliniuliza sura ya pili inakuja lini, ili atumiwe kwa sauti.

Kwa hivyo wewe unayeandika kwa nyumba iliyojaa watu, tafuta saa zako za usiku na uzilinde. Lakini mchana usijifungie. Watu wanaokukatiza wana maswali ambayo huwezi kujiuliza mwenyewe. Mimi sijampa mjomba jibu bado. Sura ya pili namrekodia susu Ijumaa, na yule mama wa mbaazi ameanza kuuliza ni nani anayemiliki anga iliyo juu ya shamba lake.