Usingizi na Mishipa ya Damu ya Wazee

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa nyingi zilisafirishwa kwa vichwa na mabega ya watu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja. Msafara uliondoka alfajiri. Jua lilipokuwa kali, mizigo ilituliwa na kambi ikapigwa. Asiyetua mzigo asingefika Ujiji.

Katika miili yetu imo kazi iliyo kubwa kuliko ya wapagazi. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 70 hivi kwa dakika. Zidisha kwa dakika za siku nzima, utaona kuwa ni zaidi ya mara 100,000. Damu itokayo moyoni hupita katika mishipa iitwayo ateri. Kila moyo unapopiga, kuta za ateri hutanuka kidogo, kisha hurudi kama mpira.

Tulalapo usingizi, moyo hupiga polepole. Kwa mtu mwenye afya, msukumo wa damu hupungua kwa asilimia 10 hadi 20. Huo ndio wakati wa ateri kutua mzigo.

Mtu anapozeeka, ateri zake huwa ngumu. Mafuta na chokaa hujikusanya ndani yake na kuifanya njia ya damu iwe nyembamba. Ateri ya moyo ikiziba, moyo hukosa damu. Ikiziba ya ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Tumbaku, ambayo hulimwa sana mkoani Tabora, huharakisha ubovu huu kwa wale wanaoivuta.

Je, usingizi unahusikaje? Mwaka 2023 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 45 na zaidi. Watu hao walivaa mkononi chombo kidogo cha kupimia usingizi kwa siku 7. Wale ambao muda wao wa kulala ulibadilika kwa zaidi ya saa 2 kati ya usiku mmoja na mwingine walielekea zaidi kuwa na chokaa nyingi katika ateri za moyo. Hata hivyo, uchunguzi huo hauthibitishi kwamba usingizi ndio ulioleta chokaa, kwa maana mgonjwa naye huweza kulala vibaya.

Wazee waliopita miaka 65 huhitaji saa 7 hadi 8 za usingizi. Mzee anayelinda ghala usiku, akalala mchana leo na usiku kesho, huzipata kwa shida.

Kazi ya kufanya

Mwamkie babu au bibi yako, kisha umwombe akueleze saa aliyolala na saa aliyoamka. Fanya hivyo kwa siku 7, na uandike majibu katika daftari. Ni usiku upi alilala muda mrefu zaidi? Ni upi alilala muda mfupi zaidi? Tafuta tofauti yake.