Je, Dawa ya Kuziba Mzizi wa Jino Ni Salama?

Akina mama wengi wakiambiwa kwamba jino bovu linaweza kuokolewa kwa kusafishwa na kuzibwa mzizi, huomba ling'olewe. Wanaogopa: "Hiyo dawa itakayobaki mwilini haitanidhuru?" Swali hilo ni la busara.

Ndani ya mzizi kuna mfereji mwembamba wenye neva na mishipa ya damu. Uozo ukifika humo, daktari huondoa kilichoharibika, huosha mfereji, kisha huujaza ili vijidudu visirudi. Kwa kawaida hutumia gatapacha, yaani utomvu wa mti wa Asia ya Kusini Mashariki uliochanganywa na oksidi ya zinki. Imetumika tangu karne ya 19, na mwili huivumilia vizuri.

Nyufa zinazobaki huzibwa kwa saruji laini. Aina moja ya saruji hiyo ina eujenoli, dawa itokanayo na karafuu, zao ambalo mama wa Matombo au Mkuyuni, huko Milima ya Uluguru, huanika mkekani. Saruji hiyo ikishaganda ndani ya mzizi, eujenoli inayotoka ni kidogo sana. Lakini mafuta matupu ya karafuu huchoma fizi, na mtoto akiyanywa yanaweza kuharibu ini. Kwa hiyo usiyaache mahali anapofikia.

Zipo dawa za kuepukwa. Baadhi ya dawa za zamani za kujazia mzizi hutoa formalini, ile inayohifadhi maiti. Ikipenya ncha ya mzizi na kugusa neva ya taya la chini, mdomo unaweza kufa ganzi moja kwa moja. Aseniki, iliyotumiwa zamani kuua neva ya jino, huozesha fizi na mfupa.

Wengine husema jino lililozibwa mzizi huleta magonjwa mwili mzima. Dai hilo lilienezwa miaka ya 1920 na Weston Price, daktari wa meno huko Marekani. Uchunguzi wa baadaye haukulithibitisha. Hatari kubwa ni usaha unaoachwa bila kutibiwa.

Basi mama, uwapo kwa daktari wa meno, Morogoro mjini au kwingineko, usione haya. Muulize: "Utajaza nini? Kina formalini?" Mweleze kama una mimba au kuna dawa inayokudhuru. Omba picha ya eksirei baada ya kazi. Ganzi isipoisha kufikia kesho yake, rudi upesi.